Nani Atafunga Bao la Kwanza? Mwongozo Kamili wa Kukadiria Mechi za Hoki ya Barafuni

Wengi wanaoshindwa kazi hii wanaijua hoki vizuri tu. Kinachowaangusha ni swali wanalojiuliza. Wanataka jina: nani atafunga? Wanamtaja nyota, nyota hafungi. Wanamtaja mwingine, naye anatoka patupu. Baada ya wiki mbili wanasema mchezo wenyewe ni bahati nasibu, wanaacha.

Swali linalojibika ni la kugawa. Chukua 100 nzima ya uwezekano, uigawe kwa timu mbili. Kisha sehemu ya kila timu uigawe kwa wachezaji wake. Hatua zilizo hapa chini ni za mgawo huo. Nitatumia mifano ya NHL, ligi ya Marekani na Kanada yenye timu 32, kwa sababu takwimu zake ni nyingi na za bure. Ukihamia ligi nyingine ya kulipwa, hesabu ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Lahajedwali yoyote ya kompyuta au simu.
- Mabao ya kufunga na kufungwa ya kila timu, pamoja na idadi ya mabao ya lango tupu. Tovuti rasmi ya NHL inayo. Natural Stat Trick na MoneyPuck zina takwimu za ndani zaidi, zikiwemo za mabao yanayotarajiwa, yaani ubora wa nafasi na si idadi ya mabao pekee.
- Takwimu za makipa: mashuti waliyopigiwa na asilimia waliyookoa.
- Taarifa za kikosi cha siku hiyo. Daily Faceoff huonyesha laini za kila timu, yaani vikundi vya wachezaji wanaoingia barafuni pamoja, na kipa anayetarajiwa kuanza.
- Mabao ya kila mchezaji unayemfuatilia kwa misimu miwili, huu na uliopita.
- Kama nusu saa kwa mechi moja. Ukizoea itashuka hadi dakika kumi.

Sijaweka orodha ya matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana zamani. Sijaisahau. Utaona sababu mbele.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Timu ya kwanza kufunga" na "mchezaji wa kwanza kufunga" ni kazi mbili tofauti, na ya pili haiwezekani bila ya kwanza. Anza na timu.

Kisha safisha maana ya neno bao. Katika NHL hakuna mchezaji anayeandikiwa bao la kujifunga. Beki akikisukumia kisahani (kinachochezewa badala ya mpira) langoni mwake, bao hupewa mshambuliaji wa mwisho wa timu pinzani aliyekigusa. Pia, bao linaweza kushangiliwa kisha likafutwa: kocha ana haki ya kupinga kwamba kulikuwa na kuotea, waamuzi wakatazama video, ubao ukarudi 0–0. Na wakati mwingine bao lililotangazwa kwa jina la aliyepiga huhamishiwa aliyekigusa kisahani njiani, dakika kadhaa baadaye.

Kama unatumia makadirio haya kubeti, soma masharti ya soko lako kuhusu mambo matatu: muda wa nyongeza unahesabiwa au la, dau linakwenda wapi mchezaji asipoingia barafuni, na inakuwaje bao likihamishiwa mtu mwingine. Soma kabla ya kuweka dau. Ukisoma baada, utakuwa unatafuta mtu wa kumlaumu.

## Hatua ya 2: Futa mabao ya lango tupu

Hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibika bila mwenyewe kujua.

Timu iliyo nyuma dakika za mwisho humtoa kipa wake ili iongeze mshambuliaji. Mpinzani akinasa kisahani, anakitupa kwenye lango lisilo na mtu. Bao hilo linahesabiwa kama mengine, linaingia kwenye wastani wa timu na wa mchezaji. Lakini haliwezi kuwa bao la kwanza, kwa sababu linatokea pale ambapo tayari kuna timu inayoongoza.

Timu nzuri hupata mengi ya aina hii kwa kuwa huongoza mara nyingi. Kwa hiyo usipoyafuta, kila mara utazipa timu nzuri zaidi ya haki yao. Kwa upande wa wachezaji ni hivyo hivyo: wale wanaoaminiwa na kocha kulinda uongozi dakika ya 59 huvuna mabao mepesi ambayo kwa kazi yetu hayana maana yoyote.

Toa mabao ya lango tupu kwenye mabao ambayo timu imefunga na kwenye yale iliyofungwa. Mabao ya mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi nayo yasiingie popote.

Ukifanya sawa, wastani wa timu yoyote utashuka kidogo. Wastani wa ligi wa miaka ya karibuni umekuwa mabao 3 na ushei kwa timu kwa mechi. Baada ya kusafisha, nitatumia 2.9 kama mfano katika hesabu zote hapa. Wewe piga wa msimu ulionao.

## Hatua ya 3: Pata kasi ya timu, kisha uipunguze makali

Kasi ya timu ni wastani wa mabao yake kwa mechi moja. Tuchukue timu mbili, A ikiwa mwenyeji na B mgeni, kila moja imecheza mechi 30. Baada ya kusafisha:

- A imefunga 99 (3.3 kwa mechi), imefungwa 84 (2.8).
- B imefunga 87 (2.9), imefungwa 93 (3.1).

Usizitumie namba hizi jinsi zilivyo. Mabao ni machache na yanacheza sana. Timu ileile, ikicheza kwa kiwango kilekile, ingeweza kwa urahisi kumaliza mechi 30 ikiwa na mabao 89 au 109 badala ya 99. Miongoni mwa zile 3.3 kuna uwezo na kuna bahati, na hakuna lebo ya kutofautisha.

Dawa yake ni kuivuta kila namba kuelekea wastani wa ligi. Mimi huipa kila timu mechi 30 za kubuni zilizochezwa kwa wastani wa ligi, kisha nachanganya:

(mabao halisi + 2.9 × 30) ÷ (mechi halisi + 30)

Kwa A, kufunga: (99 + 87) ÷ 60 = 3.10. Kufungwa: (84 + 87) ÷ 60 = 2.85.
Kwa B, kufunga: 2.90. Kufungwa: 3.00.

Mwanzoni mwa msimu mechi za kubuni ndizo zinazotawala, na ndivyo inavyotakiwa. Timu iliyofunga 22 katika mechi tano za mwanzo bado haijathibitisha kitu. Kufikia mwisho wa msimu wenye mechi 82, mechi halisi zitakuwa zimeshika usukani.

Wenye muda waende hatua moja zaidi: badala ya mabao yote, tumia mabao yanayotarajiwa yaliyopatikana matokeo yakiwa sare. Natural Stat Trick hukuruhusu kuchuja hivyo. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Timu ikiongoza hujikunja na kulinda, ikiwa nyuma hushambulia kwa fujo, na takwimu za nyakati hizo zinaeleza hali ya ubao zaidi ya uwezo wa timu. Bao la kwanza siku zote linafungwa 0–0 ikiwa ubaoni. Kwa hiyo takwimu za wakati wa sare ndizo ndugu zake wa karibu.

Je, kwa nini nisichukue mabao ya kipindi cha kwanza pekee, kati ya vipindi vitatu vya dakika 20? Nimejaribu kwa misimu kadhaa. Unabaki na chini ya theluthi moja ya mabao, kelele, yaani bahati tupu, zinaongezeka kuliko habari unayopata. Acha.

## Hatua ya 4: Zikutanishe timu

Ushambuliaji wa A unakutana na ulinzi wa B, na kinyume chake. Hesabu ni kuzidisha kisha kugawa kwa wastani wa ligi:

- Kasi ya A: 3.10 × 3.00 ÷ 2.9 = 3.21
- Kasi ya B: 2.90 × 2.85 ÷ 2.9 = 2.85

Kwa nini ugawe? Kwa sababu wastani wa ligi tayari umo ndani ya kila namba. Usipogawa, unauhesabu mara mbili. Ukiona kasi ya timu imetoka 8 au 9, hapo ndipo ulipokosea.

## Hatua ya 5: Jua kipa ni nani, kwa uhakika

Hakuna mtu mmoja anayebadilisha makadirio ya mechi kama kipa, na hakuna habari inayopuuzwa kama hiyo.

Timu huvaa makipa wawili. Ratiba ikiwa na mechi siku mbili mfululizo, makocha wengi humgawia kipa wa akiba mojawapo. Dalili huanza asubuhi ya mechi kwenye mazoezi mepesi: kwa desturi kipa atakayeanza ndiye hutangulia kutoka barafuni, mwenzake hubaki kupigiwa mashuti. Jioni, wakati wa kupasha misuli, atakayeanza ndiye kwa kawaida huiongoza timu kuingia uwanjani. Kati ya nyakati hizo mbili, maneno "anatarajiwa" na "amethibitishwa" kwenye taarifa za kikosi si kitu kimoja. Yasome kwa makini.

Sasa hesabu. Tuseme B wanamwanzisha kipa wa akiba mwenye 0.887 ya kuokoa, katika mechi 10. Wastani wa timu yake ni 0.903. Tofauti ni 0.016. Kwa mashuti kama 29 kwa mechi, hiyo ni karibu nusu bao, kitu kikubwa mno.

Lakini subiri. Mechi 10 ni mashuti kama 280 tu. Kwa idadi hiyo, kipa wa kawaida kabisa anaweza kutikisika 0.018 juu au chini kwa bahati tupu. Ile 0.887 haijatuambia mengi. Kwa hiyo chukua nusu ya tofauti: 0.008 × 29 = bao 0.23. Liongeze kwa A.

Kipa wa A ndiye namba moja, ana 0.911 wakati timu yake ina wastani wa 0.903. Nusu ya tofauti ni 0.004, mara mashuti 28, ni bao 0.11. Lipunguze kwa B.

- A: 3.21 + 0.23 = 3.44
- B: 2.85 − 0.11 = 2.74

Ubingwa wa kipa upime kwa misimu kadhaa. Connor Hellebuyck wa Winnipeg alipewa tuzo ya Vezina, ya kipa bora, mwaka 2020, 2024 na 2025. Kwa mtu wa namna hiyo siivuti nusu ya tofauti kuelekea wastani, navuta robo, kwa kuwa rundo la mashuti aliyopigiwa limeshasema. Kwa kijana mwenye mechi nne nzuri ninavuta karibu yote.

Onyo: usikamilishe makadirio kabla kipa hajathibitishwa. Niliwahi kumaliza kila kitu mchana, nikajivuna, nikaenda zangu. Kipa akaumia wakati wa kupasha misuli. Namba zangu zilikuwa za mechi ambayo haikuchezwa.

## Hatua ya 6: Uwanja na uchovu

Mwenyeji ana faida ndogo lakini ya kweli, na sababu yake kubwa imo kwenye kanuni. Mchezo ukisimama, kocha wa nyumbani ndiye anayebadilisha wachezaji wa mwisho. Anaona mgeni ameingiza laini gani, kisha anachagua yake. Anaweza kumkwepesha mshambuliaji wake mkuu na beki anayemsumbua, usiku kucha.

Zidisha kasi ya mwenyeji kwa 1.04 na ya mgeni kwa 0.96:

- A: 3.44 × 1.04 = 3.58
- B: 2.74 × 0.96 = 2.63

Timu iliyocheza jana na kusafiri, ikikutana na iliyopumzika, ipunguzie asilimia 2 au 3 zaidi. Usipite hapo. Watu huipenda sana hadithi ya uchovu kwa kuwa inaeleweka haraka, wakati sehemu kubwa ya athari ya mechi mfululizo ni yule kipa wa akiba, ambaye tumeshamhesabu. Denver peke yake naifikiria zaidi: mji uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgeni aliyefika jana usiku huhema. Hata hapo ni asilimia 1 au 2.

## Hatua ya 7: Geuza kasi kuwa asilimia

Fikiria mabomba mawili yanayodondosha matone. Moja linadondosha 3.58 kwa usiku, lingine 2.63, na hakuna anayejua tone litaanguka lini. Tone la kwanza litatoka wapi? Uwezekano unagawanyika kwa uwiano wa kasi zao:

3.58 ÷ (3.58 + 2.63) = 57.6%

A ina 57.6%, B ina 42.4%. Uwezekano wa kumaliza dakika 60 bila bao lolote ni takriban asilimia 0.2 kwa kasi hizi. Uache.

Kumbuka kwamba kama tusingepunguza makali kwenye hatua ya 3, tungepata zaidi ya 60%. Pointi mbili tatu hizo ndizo zinazomtenganisha mkadiriaji na mshabiki.

Utajuaje umefanya sawa? Makadirio yako ya timu, mechi nyingi, yatakaa kati ya 43 na 57. Ukipata 65, tafuta kosa kwanza. Mara nyingi umesahau kusafisha lango tupu, au umemwadhibu kipa wa akiba mara mbili.

Kuna swali linalokuja kila mara: bao la kwanza linaingia lini? Kipindi cha kwanza huwa na mabao machache kuliko cha pili. Kipindi cha pili timu zimebadilishana malango, benchi linakuwa mbali na eneo la kulinda, na wachezaji waliochoka wanakwama barafuni bila kuweza kubadilishwa. Ukichukua mabao 1.9 kwa kipindi cha kwanza, timu zote pamoja, hesabu inatoa hivi: uwezekano wa kipindi kizima kupita bila bao ni kama 15%, na katika nusu ya mechi bao la kwanza litakuwa limeshaingia muda mfupi baada ya dakika ya 7.

## Hatua ya 8: Mgawie mchezaji kipande chake

Sasa, na si kabla, ndipo jina linapoingia.

Timu huvaa wachezaji 18 mbali na makipa: kwa kawaida mafowadi 12 na mabeki 6. Ile 57.6% ya A ni ya hao 18 wote. Mabeki sita kwa pamoja huchukua kipande kidogo, na laini ya nne makombo. Sehemu kubwa iko kwa mafowadi sita wa laini mbili za juu.

Mfowadi wetu wa A ana mabao 15 katika mechi 30, mawili ya lango tupu. Yanabaki 13. Msimu uliopita alifunga 28 safi katika mechi 80. Jumla 41 katika mechi 110, yaani 0.373 kwa mechi. Gawa kwa kasi ya timu yake ya hatua ya 3:

0.373 ÷ 3.10 = 12%

Kisha: 12% × 57.6% = 6.9%.

Isome tena. Huyu ndiye mfungaji mkuu wa timu inayopewa nafasi kubwa, na mara 93 kati ya 100 hatafunga bao la kwanza. Ukimchagua na akakosa, hujakosea. Ukimchagua na akapata, hujathibitisha kitu pia.

Vipi kuhusu mfungaji wa kiwango cha juu kabisa? Auston Matthews alifunga 69 akiwa Toronto msimu wa 2023–24, pungufu kidogo ya robo ya mabao ya timu nzima. Mpe timu yake 55% na utapata kama 12 au 13. Na hapo sijamwondolea ya lango tupu. Hicho ndicho kilele. Yeyote anayekuambia ana mchezaji "wa uhakika" wa bao la kwanza, muulize amepataje.

### Marekebisho yanayostahili

Pawaplei. Mpinzani akiwa na mtu kwenye kibanda cha adhabu, kwa kawaida dakika 2, timu hushambulia watano kwa wanne. Takriban bao moja kati ya matano kwenye ligi hutoka hapo, na mengi huenda kwa kikosi cha kwanza cha pawaplei. Mchezaji aliyeondolewa kwenye kikosi hicho wiki hii si yule uliyemhesabu kwa takwimu za msimu. Angalia mabao yake mangapi yalitoka huko, uyapunguze. Aliyepandishwa, mwongeze, ila kwa mkono mzito.

Wenzake kwenye laini. Anayehamishwa kutoka laini ya tatu kwenda kucheza na mtoa pasi bora wa timu atapata nafasi ambazo hajawahi kuziona.

Waliokosekana. Nyota akiumia, kipande chake hakipotei chote. Sehemu huondoka na kasi ya timu, iliyobaki wanagawana wenzake.

### Mtego wa pointi

Katika hoki, pointi za mchezaji ni mabao pamoja na pasi za mabao. Jedwali la vinara linaloonekana kila mahali ni la pointi. Msimu wa 2023–24 Connor McDavid wa Edmonton alitoa pasi za mabao 100 na akafunga 32. Mwenzake Zach Hyman alifunga 54. Aliyetazama jina alimchagua McDavid kila usiku, na mabao yalikuwa yakiingia kwa gongo la Hyman, hatua mbili mbele ya kipa, kwa pasi za huyohuyo McDavid.

Kagua kazi yako kwa njia moja: jumlisha asilimia za wachezaji wote 18 wa timu. Lazima zirudi kwenye 57.6. Zikizidi, kuna mtu umempenda.

## Hatua ya 9: Linganisha na odi, kama unabeti

Asiyebeti aruke.

Odi ikigeuzwa kuwa asilimia ni 1 gawa kwa odi. Tuseme A imepewa 1.75 na B 2.05. Unapata 57.1% na 48.8%. Jumla 105.9. Ile 5.9 ya ziada ndiyo riziki ya mwenye duka. Ukiiondoa (57.1 ÷ 105.9), soko linasema A ni karibu 54%.

Wewe una 57.6. Umeshinda soko kwa pointi karibu 4! Basi tuweke dau?

Hapana. Unalipwa kwa odi yenye faida yake ndani, na odi ya 1.75 inahitaji 57.1% ili tu usipoteze. Kila 100 unayoweka inarudisha 100.8 kwa wastani, ikiwa makadirio yako hayana kosa hata chembe. Ukikosea kwa pointi moja, inarudi 99. Mkeka kama huo ni kazi ya bure.

Kwenye mfungaji wa kwanza hali ni mbaya zaidi. Geuza odi za wachezaji wote 36 kuwa asilimia, ujumlishe, uone mwenyewe inazidi 100 kwa kiasi gani. Fanya hivyo mara moja tu na hamu itapungua. Yule mfowadi wetu wa 6.9% anahitaji odi ya 14.5 ili mambo yawe sawasawa. Ukimkuta kwa 12, mpite.

Kiwango changu: sigusi timu isipokuwa makadirio yangu yamezidi asilimia ya odi yenyewe, faida ya mwenye duka ikiwa ndani, kwa pointi 3 au zaidi. Usiku mwingi hakuna kitu, na nafunga lahajedwali. Hela ya matumizi haiingii humu, na aliyekwisha poteza leo asitafute kuirudisha leo.

## Hatua ya 10: Weka rekodi inayoweza kukuumbua

Kila mechi, kabla haijaanza, andika tarehe, asilimia ya mwenyeji, makipa wote wawili. Baada ya bao la kwanza andika 1 kama mwenyeji ndiye aliyefunga, 0 kama siye. Toa asilimia yako kwenye matokeo, uzidishe jibu kwa lenyewe. Ulisema 0.576 na A ikafunga: 1 − 0.576 = 0.424, ikizidishwa kwa yenyewe ni 0.18. B ingefunga: 0.576 mara 0.576 ni 0.33. Tafuta wastani wa mechi zote.

Anayeandika 0.5 kila siku bila kufikiri hupata 0.25 kamili. Huyo ndiye mpinzani wako.

Usitegemee kumshinda kwa mbali. Kama mechi zenyewe zinatofautiana kwa pointi tano hivi juu na chini ya 50, mkadiriaji mkamilifu angepata kama 0.2475. Ukiona mtu ana 0.20 kwa mechi 40, mpongeze kwa bahati yake na umsubiri afike 300.

Ukifika mechi 200, zipange mafungu: zile ulizosema 50 hadi 54, 55 hadi 59, na kuendelea. Fungu la 55–59 linatakiwa liwe limetimia kama mara 57 kati ya 100. Likitimia mara 51, unajiamini kupita kiasi: ongeza mechi za kubuni za hatua ya 3 kutoka 30 hadi 45. Likitimia mara 63 na fungu lina mechi nyingi, unaogopa sana, zipunguze. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukigusa vitatu hutajua kipi kimesaidia.

## Visivyostahili nafasi kwenye lahajedwali

Rekodi ya timu ya kufunga kwanza. Timu iliyofunga kwanza mara 45 katika mechi 82 ina 54.9%. Timu ya wastani kabisa hufika hapo kwa bahati bila shida, kwa kuwa kutikisika kwa kawaida katika mechi 82 ni pointi 5 na nusu. Baada ya mechi 20 ni pointi 11. Kasi ya mabao hukuambia jambo hilohilo kwa kelele kidogo.

Mikutano ya zamani. Timu mbili zikikutana mara tatu nne kwa msimu, makipa wamebadilika, laini zimebadilika, kocha labda amefukuzwa. Mechi nne haziwezi kubeba hoja yoyote.

"Wana deni la bao." Mchezaji aliyekaa mechi tisa bila kufunga hana deni kwa mtu. Kama anapiga mashuti mengi kama zamani, asilimia yake ni ileile. Kama mashuti yamepungua, tafuta sababu: jeraha, laini mpya, dakika chache.

Kushinda mpambano wa kuanzia, pale wachezaji wawili wanapokigombea kisahani mwanzoni mwa mechi. Ni kweli Doug Smail mwaka 1981, Bryan Trottier mwaka 1984 na Alexander Mogilny mwaka 1991 walifunga sekunde ya 5 tangu mechi kuanza. Ndiyo maana tunayakumbuka majina yao. Katika mechi za kawaida, kisahani hupokonywa mara kadhaa kabla ya shuti la kwanza, na aliyeshinda mpambano ule ameshasahaulika.

Kwamba anayefunga kwanza hushinda. Hilo ni kweli: katika NHL anayefunga kwanza hushinda karibu theluthi mbili ya mechi. Lakini mshale hauendi kinyume kwa nguvu ileile. Timu unayoipa 62% kushinda mechi usiipe 62% ya bao la kwanza. Dakika 60 zinaupa uwezo muda wa kujionyesha, tone la kwanza haliupi. Ukianzia kwenye odi za mshindi wa mechi, kata umbali wake kutoka 50 kwa karibu nusu: 62 iwe 56 hivi. Njia hiyo ya mkato ndiyo ninayotumia usiku ambao kuna mechi 13 na nina dakika ishirini tu, kisha zile zinazoonekana za ajabu ndizo ninazozirudia kuanzia hatua ya 2.